Samaki Hamwagwi Kama Maji

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuongeza samaki mtoni au bwawani imekwisha pale ndoo inapoinamishwa. Vifaranga wamelelewa vizuri, wamehesabiwa, wamepakiwa katika gari na wamemwagwa majini. Watu wamepiga makofi, kisha kila mtu amerudi nyumbani kwake. Lakini kwa kifaranga mwenyewe saa ile ndiyo ya hatari kuliko nyingine zote. Ametoka katika maji aliyoyazoea, ametikiswa njiani, na sasa yumo katika maji asiyoyajua, mahali penye adui asiyepata kumwona. Akifa usiku ule, hakuna atakayemwona, kwa maana samaki aliyekufa mtoni huliwa au huchukuliwa na maji.

Mwezi huu twataka kueleza jambo hili: namna ya kumwachilia samaki ina uzito sawa na namna ya kumlea. Jambo hili lawahusu wanaopanga kuwarudisha samaki wasafiri katika mito yetu. Lakusu wewe pia, mkulima wa skimu, uliye na bwawa la samaki nyuma ya nyumba au unayekusudia kulichimba.

MTO WETU NA SAMAKI MSAFIRI

Maji ya Kipkelion hayakai Kipkelion. Mto Kipchorian hutoka upande wa Londiani, hupita kwetu, huteremka Fort Ternan na Koru, na pamoja na mikono mingine huwa Mto Nyando. Nyando hupita uwanda wa Kano na mwisho huingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Winam.

Huko chini yuko samaki aitwaye ningu. Midomo yake ni minene, nayo humsaidia kukwangua chakula juu ya mawe na matope. Ningu ni msafiri. Hukaa ziwani, lakini mvua kubwa zinaponyesha na mito kujaa, hupanda mtoni kwa makundi makubwa kwenda kuzaa. Hapendi kuzaa katika mkondo wenye nguvu. Hutafuta maji ya mafuriko yaliyotanda katika nyasi kando ya mto. Mayai huanguliwa upesi, na vifaranga hurudi mtoni kabla ya maji yale kukauka, kisha huteremka ziwani kukua. Wataalamu wawili, Geoffrey Fryer na Peter Whitehead, waliandika habari za uzazi wake mwaka 1959, wakati samaki huyu alikuwa tayari anapungua.

Sisi wa milimani hatukumjua sana. Wazee wetu walikuwa wafugaji. Maziwa na nyama vilitosha, na samaki hakuwa chakula cha kila nyumba. Lakini kwa jirani zetu wa Kano, na kwa watu wa mito ya Nzoia, Yala na Sondu, kupanda kwa ningu kulikuwa kama mavuno. Watu walijenga vizuizi vya miti mtoni na kutega migono, wakapata samaki wa kula, wa kukausha na wa kuuza.

JINSI NINGU ALIVYOPUNGUA

Mwaka 1905 nyavu za kisasa za kunasa samaki kwa mashavu zilianza kutumika katika ghuba, ambayo wakati huo iliitwa Ghuba ya Kavirondo. Zilifaa sana kwa kuvua ngege. Baadaye, ngege walipopungua, watu walitumia nyavu zenye matundu madogo, tena wakazitega mbele ya midomo ya mito. Hapo ndipo ningu alipopatikana na hasara. Samaki anayesafiri kwenda kuzaa hupita njia moja, kwa wakati mmoja, akiwa amejaa mayai. Ukiziba njia ile humnasi mmoja tu, bali unanasa pamoja naye kizazi kijacho. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr alieleza jinsi uvuvi wa ningu katika Nzoia ulivyoanguka, na jinsi ile mitego ya asili ilivyoachwa kwa sababu samaki wa kuingia humo hawakuwapo tena.

Mambo mengine yaliongeza taabu. Maeneo ya mafuriko yalilimwa. Udongo kutoka milimani uliingia mitoni. Sangara, aliyetiwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, alikula samaki wengi wa asili. Leo ningu amo katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Habari njema ni kwamba ningu aweza kuzalishwa katika kituo cha kutotoleshea samaki. Mwaka 2004 wataalamu Rutaisire na Booth waliandika jinsi ningu wanavyoweza kuchochewa kutaga wakiwa kifungoni, na mayai yao kuanguliwa. Kumpata kifaranga si muujiza tena. Swali lililobaki ni hili: ukimtia mtoni, ataishi?

HESABU ISIYOTOSHA

Nchi iliyojaribu kazi hii kwa muda mrefu na kwa ukubwa ni Marekani, kwa samaki aitwaye samoni. Samoni huzaliwa katika vijito vya maji baridi, huteremka baharini kukua, kisha hurudi katika kijito chake kuzaa. Mwaka 1872 Livingston Stone alianzisha kituo cha kuzalisha samoni kando ya Mto McCloud, huko California. Tangu hapo vituo viliongezeka, na kwa miaka mingi vifaranga waliotoka tu katika mayai walimwagwa mitoni kwa mamilioni.

Kila mwaka hesabu ilipendeza: mwaka huu tumemwaga wengi zaidi ya mwaka jana. Lakini hesabu ile ilikomea siku ya kumwaga. Walipoanza kuwatia samaki alama na kuwahesabu waliorudi, ndipo ilipoonekana kwamba wengi walikufa mapema. Hata siku hizi, katika mito mingi, kati ya samoni 100 walioachiliwa wakiwa tayari kushuka baharini, wanaorudi wakubwa ni 1 au 2 tu, na miaka mingine hata huyo mmoja hafiki.

Fikiri maana yake, mkulima. Ikiwa kati ya 100 anarudi 1, basi ukibadili njia ya kuwaachilia, wakarudi 2, umepata faida sawa na kujenga kituo cha pili, wala hukununua saruji. Ndiyo sababu wataalamu waliacha kuuliza tu, “Tumetoa wangapi?” wakaanza kuuliza, “Tuliwatoaje?”

MAMBO YANAYOMWOKOA KIFARANGA

Yafuatayo ni mafunzo makubwa yaliyopatikana katika kazi hiyo.

Kwanza, maji yasibadilike ghafula. Mwili wa samaki hauna joto lake mwenyewe kama mwili wa ng’ombe. Hufuata joto la maji. Ukimtoa katika maji ya uvuguvugu ukamtia ghafula katika maji baridi, moyo na mashavu yake hushtuka. Huenda asife pale pale. Hulala ubavu, huzunguka bila akili, na ndege humchukua. Au huishi siku mbili tatu, kisha ugonjwa humshinda kwa kuwa nguvu zake zimekwisha.

Pili, umri na ukubwa. Kifaranga mdogo sana huliwa na kila kitu, hata wadudu wa majini. Yule aliyelelewa hadi akapata urefu na nguvu kwa kawaida huishi zaidi. Lakini kumlea muda mrefu kupita kiasi nako kuna hasara: gharama ya chakula hupanda, naye huzidi kuzoea maisha ya birika. Kwa samaki msafiri kuna wakati ambao mwili wake wenyewe unataka kusafiri. Ukimwachilia mapema mno hukaa tu mtoni akisumbuana na wenyeji; ukimchelewesha, hamu ya kusafiri hupita.

Tatu, saa na majira. Samaki walioachiliwa mchana kweupe huonekana na kila ndege. Wakiachiliwa jioni au usiku wana saa kadhaa za giza za kutafuta maficho. Tena mto uliopanda kidogo na kuwa na rangi huwaficha na kuwasukuma mbele, kuliko mto wa kiangazi ulio mweupe na haba. Hapa kwetu samaki wasafiri huamshwa na mvua. Kwa hiyo anayetaka kuwarudisha mtoni lazima afuate kalenda ya mvua, si kalenda ya sherehe.

Nne, mahali. Ukimwaga samaki 10,000 katika shimo moja chini ya daraja, umewaandalia karamu kambare, korongo, mnandi na fisi maji. Wanyama hawa hujifunza upesi. Gari likija mahali pale pale kila mwaka, huja kulingojea. Ni afadhali kuwagawa vifaranga katika sehemu nyingi za mto, penye majani, mawe na maji ya utulivu kando ya mkondo.

Tano, kupumzika kabla ya kwenda. Samaki aliyesafiri kwa gari amechoka. Katika mito mingine ya Marekani huwekwa kwanza kwa siku au majuma katika vidimbwi kando ya mto, vinavyopitisha maji ya mto ule ule. Kisha mlango hufunguliwa na kuachwa wazi. Aliye tayari hutoka leo. Asiye tayari hutoka kesho. Njia hii haikuleta faida sawa kila mahali, lakini msingi wake ni wa busara: wenye nguvu hutangulia, na wachovu hawasukumwi.

Sita, mafunzo ya kituoni. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hapa ni kweli kama ilivyo. Kifaranga wa birika huona kivuli cha mtu na kukimbilia juu, kwa maana kila siku kivuli kile kimemletea chakula. Mtoni kivuli ni korongo. Basi vituo vingine hulea samaki kwa kuwawekea mawe na matawi ya kujificha, na hupunguza kuonekana kwa mtu anayewalisha. Wengine huwazoeza vifaranga kuogopa harufu ya samaki aliyejeruhiwa, ambayo majini ni kama mbiu ya hatari.

HARUFU YA NYUMBANI

Jambo la saba ni la ajabu, nalo lafaa lielezwe kwa urefu kidogo. Samoni hurudije katika kijito chake baada ya miaka baharini? Katika miaka ya 1950 mtaalamu Arthur Hasler na mwenzake Wisby walieleza kwamba hurudi kwa kunusa. Walichukua samoni waliokuwa wanapanda mto, wakawaziba pua baadhi yao, wakawarudisha chini ya njia panda ya mto. Wale wenye pua wazi wengi walichagua tena mkono waliotoka. Wale waliozibwa walichanganyikiwa. Katika miaka ya 1970 vifaranga wa kituoni walilelewa katika maji yaliyotiwa kidogo dawa yenye harufu ya pekee. Walipokuwa wakubwa, dawa hiyo ilitiwa katika kijito kingine, nao wakapanda kijito hicho.

Maana yake ni kwamba kila kijito kina harufu yake, inayotokana na udongo, mawe na majani yake, na kifaranga huishika harufu hiyo anapoteremka. Anayebebwa kwa gari hadi mwisho wa mto hakosi hatari za njiani tu. Hukosa pia kujifunza njia. California wameliona jambo hili wazi. Katika ukame wa mwaka 2014 mito ilikuwa haba na yenye joto, hata mamilioni ya vifaranga wa samoni yakachukuliwa kwa malori hadi karibu na bahari. Gari huwaokoa wengi, lakini waliobebwa mbali hivyo wakirudi wakubwa, wengi wao hupotea njia na kupanda mito isiyo yao. Faida ya leo ilizaa hasara ya kesho.

Jambo la nane hufanana na hilo: wazazi. Samaki wa kituoni hubadilika tabia hata katika damu. Katika Mto Hood, jimbo la Oregon, wataalamu waliwachunguza samaki wa jamii ya trauti wapandao kutoka baharini. Mwaka 2007 walitangaza kwamba uwezo wa samaki hao kuzaa watoto wanaoishi mtoni ulipungua kwa karibu 40 kwa 100 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Kwa hiyo anayetaka kumrudisha ningu katika Nyando hana budi kutumia wazazi wengi, waliotoka Nyando yenyewe, wala si watoto wa watoto wa jozi chache za birikani.

MFANO WA TRAUTI WETU

Hapa Kenya kazi ya kuachilia samaki mitoni si ngeni. Mwaka ule ule wa 1905 mayai ya trauti yaliletwa kutoka Scotland kwa bidii ya Ewart Grogan, na samaki wakatiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Mwaka 1948 serikali ilianza kujenga mashamba mawili ya samaki: Sagana kwa samaki wa maji ya uvuguvugu, na Kiganjo kwa trauti. Katika nchi yetu ya Kericho nako trauti waliingia mito baridi itokayo msitu wa Mau, kama vile Kiptiget.

Trauti walikaa mahali palipofanana na kwao: maji baridi, safi, yenye changarawe na hewa nyingi. Mahali ambapo mto ni wa joto au wa matope hawakukaa, hata wangemwagwa wangapi. Basi kabla ya kuuliza tumwagaje, tuulize kwanza kama mto wenyewe wafaa. Vifaranga hawatibu mto mgonjwa.

SASA TUJE BWAWANI KWAKO

Mkulima aweza kusema, “Mimi sina mto wala samoni. Nina bwawa moja la tilapia.” Vema. Sheria ya mto na sheria ya bwawa ni moja.

Wengi mwakumbuka mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, ambapo mabwawa 200 yalichimbwa katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, baadaye yakaongezwa. Wakulima walipewa vifaranga, na mabwawa mengine yakastawi. Lakini mengine yalibaki maji tu. Mkulima asipovuna kitu husema chakula kilikuwa kibaya, au vifaranga walikuwa wabovu, au jirani ameiba. Mara nyingi huenda samaki walikufa juma la kwanza, chini ya maji, bila mtu kujua.

Tufanye hesabu. Tuseme umenunua vifaranga 1,000 kwa shilingi 10 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 10,000. Wakifa 400 kwa kumwagwa vibaya, umepoteza shilingi 4,000 siku ya kwanza. Wala hasara haiishi hapo. Wewe hujui kama wamekufa, kwa hiyo kwa miezi unalisha samaki 1,000 walio katika daftari, huku majini wamo 600. Chakula kisicholiwa huoza na kuharibu maji ya wale walio hai.

Sisi wa Kipkelion tuna sababu ya pekee ya kuangalia. Vituo vingi vya tilapia viko katika nchi ya joto. Tilapia hustawi katika maji ya digrii 25 hadi 30. Chini ya 20 hukua polepole. Kwetu usiku ni baridi. Ikiwa maji ya mfuko ni digrii 26 na bwawa lako ni 19, tofauti ni digrii 7. Kumwaga samaki hapo ghafula ni kuwaua kwa mkono wako.

Basi fanya hivi:

1. Wiki moja kabla, ondoa vyura, nyoka na kambare wowote waliomo bwawani. Weka wavu au kamba juu ya maji kuzuia mdiria na korongo. Funika mdomo wa mfereji kwa wavu.

2. Agiza vifaranga wa ukubwa mmoja. Uliza kituo kama wamefunga kula tangu jana yake. Samaki aliyeshiba huchafua maji ya mfuko njiani.

3. Safirisha alfajiri au jioni. Mfuko uwe na maji sehemu moja na oksijeni sehemu mbili, ufungwe sawasawa, uwekwe kivulini. Usiuweke juu ya injini ya gari wala kwenye jua la kituo cha matatu ukingoja dereva.

4. Ukifika bwawani, usifungue mara moja. Weka mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 20 hadi 30, mahali penye kivuli.

5. Fungua, kisha tia kikombe cha maji ya bwawa. Ngoja dakika chache, tia kingine. Endelea hivyo mpaka maji ya mfuko yafanane na ya bwawa. Tofauti ikiwa kubwa, chukua saa nzima. Haraka haraka haina baraka.

6. Laza mdomo wa mfuko majini na uwaache samaki watoke wenyewe. Aliye mzima hutoka akiogelea. Watakaobaki wamelala, wahesabu na uwaandike. Hao ndio waliokwisha.

7. Usilishe siku ile. Anza kesho yake, kidogo.

8. Siku tatu za kwanza zunguka bwawa asubuhi na jioni. Okota waliokufa, wahesabu, uwafukie. Kisha weka vifaranga 20 katika kizimba kidogo cha wavu ndani ya bwawa kwa siku hizo tatu. Ukiona kati ya 20 wamekufa 5, ujue robo ya bwawa lako huenda imekwenda, na upunguze chakula kwa kadiri hiyo.

Kizimba hicho chagharimu kipande cha wavu na fito nne. Chatoa habari ambayo fomu ya kugawia vifaranga haitoi. Fomu husema wangapi waliingia. Kizimba husema wangapi wako hai.

USIMWAGE SAMAKI MTONI BILA RUHUSA

Mkulima mwingine, kwa nia njema, aweza kuona vifaranga wamezidi bwawani akawatia mtoni ili “mto nao upate samaki.” Jambo hili lisifanywe. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 yataka ruhusa kabla ya kutia samaki katika maji ya umma. Sababu zake ni nzuri. Samaki wa bwawani waweza kubeba magonjwa, waweza kuchanganyika damu na wa asili, na waweza kuwanyang’anya chakula. Habari za sangara zinatosha kutufundisha kwamba samaki akiisha kuingia hakuna wa kumtoa. Ukiwa na wengi kuliko mahitaji, ongea na Bwana Samaki katika ofisi ya uvuvi ya kaunti ndogo, au wauzie jirani.

SEHEMU YETU SISI WA JUU

Yabaki neno moja juu ya Nyando. Hata wataalamu wakimlea ningu kwa ustadi, wakamwachilia jioni, katika maji yaliyopanda, kwa makundi yaliyogawanywa, na hata wavuvi wa chini wakakubali kuondoa nyavu midomoni mwa mto wakati wa kupanda, bado kifaranga yule atavuta maji yanayotoka kwetu.

Nyando yajulikana kati ya mito ya Kenya iingiayo Ziwa Victoria kwa wingi wa udongo inaoubeba. Udongo ule ni shamba la mtu. Ulikuwa mbolea ya mahindi yake. Huko chini ni matope yanayoziba mashavu ya samaki na kufunika mayai. Maji ya kumenyea na kuoshea kahawa, yakiachwa kwenda kijitoni, huoza na kula hewa iliyomo majini, hata samaki hukosa pumzi. Dawa ya kupe inayomwagika kutoka josho, au kopo la kupulizia linalooshwa mtoni, huua wadudu ambao kifaranga angewala, na kifaranga mwenyewe.

Kwa hiyo mkulima wa Kipkelion anashika mlango wa kwanza wa kazi hii. Lima kwa kukingama mteremko, na tunza matuta yako. Panda mabingobingo juu ya kingo za matuta. Ng’ombe watakula na udongo utakaa. Acha ukanda wa majani na miti ya asili kando ya mto, usiopungua mita 6 kutoka ukingoni, wala usipande mkaratusi hapo. Chimba shimo la maji ya kahawa mbali na kijito. Oshea pampu ya dawa shambani, si mtoni. Nywesha ng’ombe kwenye birika, ili kwato zisibomoe kingo.

Mambo haya si kwa ajili ya samaki wa jirani tu. Mmomonyoko ukizuiwa, mavuno ni yako. Maji yakiwa safi, ndama ni wako. Lakini ni vizuri pia kujua kwamba siku mvua kubwa inaponyesha Londiani, mtu mmoja huko Kano anautazama mto ukipanda, na rangi ya maji yanayomfikia imetoka mashambani mwetu.

Anayetaka vifaranga kwa msimu ujao na apeleke jina lake mapema katika ofisi ya uvuvi, aseme kipimo cha bwawa lake na joto la maji yake alfajiri na saa nane mchana. Asiye na kipimajoto na aazime katika ofisi hiyo. Tena kila mwenye bwawa na aanze daftari lenye safu tatu: walioingia, waliokufa juma la kwanza, waliovunwa. Mwenye safu hizo tatu zilizojazwa kwa ukweli ataona mwenyewe mahali anapopotezea fedha yake.